Zile hisa za 2008: barua kwa mdogo wangu Mombasa

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Mimi na watoto hatujambo, alhamdulillah, na baridi ya safari hii tumeivuka salama. Ama baada ya salamu, nimeona nikuandikie barua kamili badala ya kukujibu kwa sauti kwenye WhatsApp. Sauti utaisikiza ukiwa ndani ya matatu, na haya nataka uyasome umekaa.

Mama amenieleza yaliyopita siku ya Idi. Amesema ulimwambia Baba, mbele ya wakweo, kwamba lau angekuwa na moyo wa kununua hisa za Safaricom, ile kampuni ya simu, mwaka 2008 leo mngekuwa mnakaa kwenu Nyali kwa matajiri, na kwamba sisi sote tunalipia woga wake. Baba hakukujibu. Tangu siku hiyo akirudi msikitini alfajiri hukaa barazani na kalamu na kipande cha karatasi, anapiga hesabu. Unajua ni hesabu gani. Ile fomu ya hisa aliyoichukua benki, akaja nayo nyumbani na hakuijaza, bado anayo ndani ya faili la karatasi za nyumba. Mtu haweki fomu tupu miaka yote hiyo ila inamuuma. Kwa hivyo hukumpa habari mpya. Ulimgonga pale pale anapojigonga mwenyewe.

Wakati ule wewe ulikuwa darasa la tano. Mimi nilikuwa mtu mzima, mambo nayakumbuka, na ndiyo sababu nataka tuyapitie mimi nawe.

Wewe husema hivi: laki moja ya Baba, kwa shilingi 5 hisa moja, ni hisa 20,000. Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilipofika shilingi 44, laki moja ingekuwa karibu laki tisa. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini hakuna mwananchi wa kawaida aliyepewa alichoomba. Serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni, na maombi yaliyoingia yalizidi mara kadhaa zilizokuwapo. Mtu aliyeomba 20,000 alipata kama moja kwa tano, pesa zilizobaki akarudishiwa baada ya kungoja. Baba angekuwa na hisa elfu nne na ushei. Kwa bei ile ya 2021 hizo ni kama shilingi 180,000. Ni pesa, sikatai, na gawio la kila mwaka lingekuwa juu yake. Nyumba Nyali hazijengi.

Na hizo 180,000 angezipata nani? Mtu aliyenunua mwaka 2008, akaiona hisa yake ikianguka chini ya shilingi 3 mapema 2009, akaiona mwanzoni mwa 2012 bado inazunguka hapo hapo kwenye shilingi 3, asitikisike wakati wote huo, asiwe na ada ya shule wala maiti wala paa linalovuja, halafu auze katika ule mwezi mmoja wa Agosti. Kwa sababu aliyengoja zaidi, mwisho wa 2023 aliikuta chini ya shilingi 15. Mtu wa namna hiyo mimi simjui. Niliowajua mtaani kwetu walionunua, walio wengi waliuza bei ilipoanguka, maana walikuwa na shida kama watu wote. Unamlinganisha Baba na mtu ambaye hakuwahi kuishi Kisauni.

Sasa nikueleze kwa nini watu walikimbilia hisa zile kwa fujo namna ile, kwa sababu hili ndilo linalonihangaisha kuhusu ile ploti ya Vipingo unayotaka tununue. Miaka miwili nyuma, 2006, ziliuzwa hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90. Zilipoingia sokoni Mei mwaka ule, siku ya kwanza tu zikaruka mpaka karibu shilingi 40. Nchi nzima ikapata homa. Kila msiba na kila harusi ulimsikia mtu akisema angalijua angaliuza hata ng'ombe. Majuto yale hayakulala. Safaricom ilipokuja, aliyekosa KenGen hakutaka kusikia neno. Watu walichukua mikopo, na benki zilikuwa tayari kuwapa, wakaomba hisa nyingi kuliko walivyohitaji. Kisha wakapata zile chache, wakabaki wanalipa riba ya mkopo mzima hali pesa zao za kurudishiwa hazijafika, na bei inashuka. Walioumia zaidi mwaka 2008 ni wale waliokuwa wakifidia 2006.

Na hiyo KenGen yenyewe? Mwisho wa 2023 ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 3. Kenya Airways iliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 11.25 mwaka 1996, ikafika mahali ikapita 100, kisha Julai 2020 hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni mpaka Januari 2025. Mumias, kampuni ya sukari ambayo wakulima wa miwa waliitegemea, ikashindwa na madeni ikawekwa chini ya mrasimu 2019. Mbona hukumshukuru Baba kwa hizo? Hukununuliwa Mumias wala Kenya Airways, na hakuna siku umekaa sebuleni ukahesabu ulichookoka. Hesabu yako inakwenda upande mmoja tu.

Hebu pia kumbuka mwaka wenyewe ulivyokuwa. Januari watu waliuana kwa sababu ya uchaguzi. Kibaki na Raila walitia saini makubaliano tarehe 28 Februari, na hisa zikafunguliwa kuuzwa tarehe 28 Machi. Mwezi mmoja tu. Watu walikuwa bado mahemani. Magazetini wanasiasa walikuwa wakivutana ikiwa mauzo yaendelee au yasimamishwe, na kila mtu akiuliza Mobitelea ni ya nani, ile kampuni iliyokuwa na fungu ndani ya Safaricom na wenyewe hawajulikani. Machi hiyo hiyo Nyaga Stockbrokers, madalali wa hisa wakubwa, waliwekwa chini ya usimamizi, na wateja wao hawakujua pesa zao ziko wapi. M-Pesa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Tuliitumia kupelekeana mia tatu, mia tano. Sikumsikia mtu barazani akisema kwamba hii ndiyo itakayoibeba kampuni. Leo kila mtu anasema alikuwa anajua.

Baba alikuwa akilisoma gazeti kila siku akirudi bandarini. Alikaa na ile fomu, akaiuliza maswali. Woga hauendi ukachukua fomu.

Tena wewe husema angekopa. Ndugu yangu, unamjua baba yako. Kuna afisa wa benki aliyewafuata wafanyakazi kazini kwao na karatasi za mkopo tayari, kusaini tu. Baba alimjibu kwamba deni la riba hatalilalia hata usiku mmoja. Benki za Kiislamu za mwanzo nchini ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza mwaka ule ule, hakuwa na njia nyingine. Wenzake walimcheka. Aliutazama mkopo ule akaona ni haramu kwake, akaacha, na alijua fika kwamba kuacha kwake huenda kukamgharimu. Hilo ukiliita woga mbele ya wakweo unamvunjia jambo ambalo ameishi nalo maisha yake yote.

Na ile laki moja yenyewe, nani alikwambia ilikuwa imekaa tu? Nyanya alikuwa anasafishwa damu. Figo zote mbili. Kila wiki teksi ya kwenda na kurudi, dawa, sindano, na kulipia kila anapolazwa kwenye ile mashine. Nimesikia ulivyosema, kwamba zilikwenda bure kwa sababu Nyanya alikufa hata hivyo. Neno hilo nimelirudia kichwani usiku kucha kazini. Pesa zile zilimfikisha Ramadhani. Alikuwa akikaa jikoni juu ya kibao cha mbuzi, hana nguvu ya kukuna nazi lakini anatukemea tukiuacha unga wa vibibi ukawa mzito. Wewe ulikuwa ukimlalia mapajani jioni na huna habari kama anaumwa, kwa sababu watu wazima tulikubaliana usijue. Kama Baba angezipeleka zile pesa kwa dalali wa hisa, Nyanya angekufa Aprili au Mei, na leo Baba angekuwa na majuto ya namna nyingine, ambayo hakuna soko linaloyafuta.

Hapa nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna mzee mmoja ninayemhudumia zamu za usiku. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya baraza la mji, na mwaka 1980 Serikali ya hapa ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wapangaji kama yeye wazinunue nyumba zao kwa punguzo kubwa. Yeye hakununua. Majirani zake walinunua, na nyumba zile leo bei yake hazishikiki. Ugonjwa wa kusahau umeshamchukua sasa. Jina la mwanawe wa kwanza limemponyoka, lakini bei aliyotajiwa ya nyumba ile anaijua mpaka pauni ya mwisho, na huniambia kila ninapomgeuza kitandani. Anasema mkewe alikuwa akimwambia kila siku. Namsikiliza, namfunika, nikitoka nje namuwaza Baba na kile kipande chake cha karatasi. Sitaki hilo liwe ndilo litakalobaki mwisho kichwani mwake, na wewe usilitilie nguvu.

Sasa ploti ya Vipingo. Unataka uchukue mkopo wa sacco, mimi niongeze, tununue kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu barabara ya Mtwapa inapanuliwa na bei zitapanda. Huenda ni kweli, barabara inapanuliwa. Lakini nimesoma ujumbe wako mara nyingi nikitafuta mahali unaponiambia umeiona hati, sikupaona. Unaponitajia sababu unanitajia Safaricom. Unaniambia Baba alikosa na wewe hutakosa. Hapo ndipo ninapowaona wale wa 2008 waliokuwa wakifidia 2006.

Wewe ni mtoto wa Pwani, sina haja ya kukufundisha ardhi ya kwetu ilivyo. Mombasa yenyewe watu wamejenga na kuzaa na kuzikana kwenye nyumba ambazo ardhi chini yake ni ya mtu mwingine. Kilifi shamba moja linaweza kuwa na mwenye hati anayekaa mbali na familia zilizolima hapo tangu babu zao. Barua ya kugawiwa ploti si hati. Nakala ya hati kwenye simu ya dalali si hati. Nenda ofisi ya ardhi Kilifi, namba ya ploti ipekuliwe, uone imeandikwa jina la nani na kama imewekwa rehani benki. Mpeleke mpimaji aonyeshe vigingi. Kaa na mzee wa mtaa, uliza nani amepanda ile minazi na nani amezikwa pale. Muuzaji akikwambia hawezi kukungoja wiki mbili ufanye hayo, mwache auze kwa mwingine, na usije ukaniandikia kwamba tumepitwa.

Ikiwa hati ni safi, mimi nitatoa nusu, taslimu, kutoka akiba yangu, na nusu yako uikusanye bila riba hata kama itachukua mwaka. Ikiwa ploti hii itakuwa imeshaondoka, Vipingo haitakuwa imeondoka. Hilo ni neno langu na silirudi nyuma.

Lakini kabla ya yote nenda kwa Baba. Muombe radhi wewe na mkeo, na muombe radhi wakweo wakiwepo, kama walivyokuwepo ulipomwambia yale. Kisha mwombe akufuate Kilifi. Miaka yote ile bandarini kazi yake ilikuwa kukagua karatasi za mizigo, na meneja wake mwenyewe alikuwa akimletea stakabadhi azitazame kabla hajazisaini. Muhuri wa bandia anauona akiwa mlangoni. Wewe unatafuta wakili wa bei nafuu, na mtu kama huyo mnakaa naye nyumba moja. Mpe ile nakala ya hati jioni, baada ya isha, na miwani yake ile mpya, na usimharakishe.

Dawa za Mama za presha nimeshalipia kwenye duka la dawa la siku zote, mpitie Alhamisi uzichukue. Za paa nitatuma mshahara ukiingia, na niandikie fundi anataka mabati mangapi na ya geji gani, maana mara ya mwisho alibadilisha. Wasalimie wote, mkeo na mtoto, na mwambie Baba nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Wasalaam,
Dada yako