Wanafunzi wa fildi waturudishie majibu yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, yale ambayo wenyewe huyaita fildi, nikiwa mtu aliyewapokea kwa miaka mingi nilipokuwa afisa ugani katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Suala hili husemwa zaidi na vyuo, waajiri na wanafunzi. Sisi wa kijijini, ambao mashamba yetu ndiyo darasa lenyewe, hatusikiki sana.

Vyuo vikifunga mwaka, vijana hufika ofisini na barua ya utambulisho, logibuku (daftari la kuandika kazi za kila siku) na, wengi wao, rundo la madodoso. Mama aliyekuwa akimwagilia nyanya huacha kazi, hugeuza ndoo akaikalia, na kwa muda wa saa nzima hujibu maswali ya kipato cha kaya, idadi ya watoto na aina ya choo. Dodoso likishaondoka kwenda chuoni, halisikiki tena. Mwaka unaofuata huja kijana mwingine na maswali yaleyale. Bibi mmoja aliwahi kumwuliza mgeni wake, “Mjukuu wangu, yale majibu niliyompa mwenzako mwaka jana yamepotea?” Kijana akakosa la kusema, nami niliyekuwa nimempeleka pale nikakosa vilevile.

Sisemi kwamba fildi haina faida, maana nimeiona ikifanya kazi. Miaka michache baada ya kantangaze kuingia nchini, mwaka 2014, mdudu huyo alipokuwa akitoboa nyanya za Ilula kiasi kwamba mkulima aliona heri aziache shambani kuliko kulipia tenga, tulipokea binti wa mwaka wa pili kwa wiki nane. Aliweka madodoso kando, akatafuta wakulima watano waliokubali kutega beseni la maji yenye sabuni, na juu yake akaning’iniza kile kidonge chenye harufu ya kike inayowavuta madume. Kila asubuhi yeye na wenye mashamba walihesabu nondo, yaani vipepeo wa mdudu huyo, waliozama, wakaandika idadi kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Mzee mmoja ndiye aliyegundua kwamba idadi ilipanda zaidi kwenye beseni lililokuwa karibu na shamba ambalo mwenyewe alikwisha kuvuna na kuacha mashina yamesimama. Binti alikuwa amesoma darasani kwamba masalia ya mazao huwahifadhi wadudu, lakini hakuwa amelitazama shamba la jirani. Mzee alikuwa amelitazama siku zote, lakini asingekuwa na la kumwonyesha jirani yake bila zile hesabu za chaki.

Kabla ya kuondoka, binti huyo alisimama katika mkutano mkuu wa kijiji na kusoma takwimu zake. Mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa mwenye mashina alikuwamo mkutanoni, lakini wiki hiyohiyo mashina yaling’olewa na kufukiwa.

Ombi langu kwa vyuo, na kwa Tume ya Vyuo Vikuu inayosimamia ubora wa mafunzo hayo, ni kwamba mrejesho wa namna hiyo uwe sehemu ya alama za fildi kwa kila mwanafunzi anayepelekwa kwa wananchi. Hauhitaji bajeti mpya: sheria tayari inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike walau kila miezi mitatu, na kama siku hazikupatana, halmashauri ya kijiji inatosha. Mwanafunzi asome alichokikuta, aulizwe maswali, na muhtasari wa kikao uambatanishwe na ripoti yake. Muhuri peke yake usikubaliwe kuwa ushahidi. Nakiri kwamba nami nimewahi kugonga muhuri katika logibuku za vijana ambao sikuwaona shambani hata siku tano, kwa kuwa msimamizi wao alipita mara moja tu, akiwa na haraka, na mimi sikutaka kumharibia mtoto wa mwenzangu.

Wapo watakaotukumbusha Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Mimi siombi turudi huko. Utaratibu ule ulikuwa na shida zake, na wazazi wa siku hizi wasingeukubali. Naomba tu wiki hizi nane, ambazo Bodi ya Mikopo imeziwekea fungu lake katika mikopo ya wanafunzi, zisiishie kwenye kudurufu karatasi za ofisi au kukusanya majibu yasiyorudi.

Kwa upande wetu, maofisa ugani na watendaji wa vijiji tuache kuwapokea vijana ishirini kwa mkupuo katika kijiji kimoja kilicho karibu na lami. Wawili wanatosha, na wapelekwe hata kule ambako bodaboda hudai nauli mara mbili.

Bwana shamba mstaafu,
Kilolo, Iringa