Goti bandia likivuja usaha, usikimbilie vidonge

Kituo chetu hapa Tudor, Mombasa, ni cha mazoezi ya viungo, maambukizi hatutibu. Lakini sisi ndio tunaoliona goti kila wiki, kwa hivyo mara nyingi huwa wa kwanza kugundua kuwa mshono unatoa maji au goti limeanza kuvimba na kupata joto. Kwa waliowekewa goti au nyonga bandia, hali hii huwapata kama mmoja au wawili katika kila mia.

Tukiuliza, jibu ni lile lile: "Nishanunua antibiotiki dukani, yanakauka." Yanakauka, ndiyo, kisha yanarudi.

Bakteria wakishashika chuma au plastiki ya goti bandia hujijengea utando wa ute na kukaa humo. Chuma hakina mishipa ya damu, na dawa unayomeza husafiri kwa damu. Ndiyo sababu madaktari wa mifupa huiweka dawa palepale penye ugonjwa. Hutumia saruji ya mfupa iliyotiwa antibiotiki: unga na maji yake maalumu huchanganywa mle mle chumba cha upasuaji, hukandika kama unga wa chapati, kisha huganda kwa dakika chache huku ikitoa joto kali. Dawa isiyostahimili joto haifai. Antibiotiki za gentamisini na vankomisini zinastahimili. Daktari Buchholz wa Hamburg, Ujerumani, alichapisha habari za njia hii mwaka 1970.

Mara nyingi goti bandia hutolewa, mfupa ukasafishwa, na kiungo cha muda cha saruji yenye dawa kikawekwa kwa wiki kadhaa, pamoja na sindano au vidonge. Baadaye goti jipya huwekwa. Ugonjwa ukiwahiwa mapema, pengine huoshwa na kubadilishwa plastiki tu, chuma kikabaki. Hapo ndipo haraka ina faida.

Mwenye kiungo cha muda tunamfuata nyumbani. Kivuko cha Likoni na msukumano wake si pa mtu wa fremu ya kutembelea, na uzito wa kuukanyagia mguu ni ule alioruhusu daktari, hata kama maumivu yamepoa.

Ukiona dalili, mrudie daktari aliyekupasua kabla ya kumeza chochote, avute maji ya goti yakapimwe. Antibiotiki zikitangulia, kipimo huenda kisione bakteria waliomo. Ukiwa na homa ya kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama ushameza antibiotiki, mwambie daktari, na umpelekee pakiti.