Mikutano ya marais Posta: mama lishe nifanyie kazi nyumbani vipi?

Mhariri salaam, na poleni na majukumu.

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu ile mikutano mikubwa ya kimataifa iliyofululiza hapa Dar mwanzoni mwa 2025, maana kila ninayemsikia redioni anaongelea heshima ya nchi, sawa heshima tunaipata na wala siipingi, ila sijamsikia hata mmoja akituongelea sisi tunaoishi kwa sahani za mchana. Mimi ni mama lishe, nakaa Gongo la Mboto, kibanda changu kiko mitaa ya Posta, katikati ya mji, wateja wangu ni makarani, madereva wa maofisi, walinzi na vijana wa steshenari.

Nianze na ule wa nishati, Misheni 300, uliofanyika pale ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere (JNICC) Januari 27 na 28 mwaka 2025, wakaja marais kibao pamoja na wakubwa wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, lengo Waafrika milioni 300 wafikiwe na umeme ifikapo 2030. Jambo zuri kabisa. Ila ilikuwa Jumatatu na Jumanne, watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, na barabara za mjini zikafungwa kupisha misafara. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni neema, anakaa na kompyuta yake sebuleni na mshahara uko palepale. Sasa mimi nifanyie kazi nyumbani vipi jamani? Nipike wali maharage Gongo la Mboto nimuuzie nani wakati mlaji wangu yuko Kimara anakula cha mke wake?

Halafu taarifa yenyewe ilinifikia wikiendi kwenye magrupu ya WhatsApp, huyu anasema barabara fulani imefungwa kutwa, yule anasema hapana ni asubuhi tu, mwingine anatuma sauti ya shemeji yake eti yuko trafiki. Biashara ya chakula hununui asubuhi ukauza mchana, watu wengi hawalijui hili. Samaki nilishachukua soko la Feri Jumamosi na nusu nilishawakaanga, nyanya nilishakubaliana na mtu wangu wa Ilala, maharage yako kwenye ndoo yamelowekwa. Samaki wa kukaanga akilala siku ya pili anakauka na mteja wa Posta humdanganyi, anambonyeza na kijiko mara moja tu anakurudishia sahani. Basi tukala wenyewe, majirani wakala, watoto ikawa sikukuu kwao. Dada wa marejesho ya mkopo akaja na daftari lake kama kawaida, nikamwambia dada leo mjini hakuendeki kuna mkutano wa marais, akanijibu mama mimi mkutano haunihusu nataka rejesho. Wanaojua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, watanielewa.

Na sisi wa njia ya Gongo la Mboto tuna mtihani wa peke yetu, kwa sababu uwanja wa ndege uko katikati yetu na mji. Mgeni yeyote akishashuka ni Nyerere Road, na hiyo ndo barabara yetu, ambayo wakati huo tayari ilikuwa imebanwa na ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya tatu. Msafara ukikaribia mnasimamishwa pale kituo cha Banana, unakaa na sufuria mapajani, konda anazima redio amsikilize trafiki anasema nini, ving'ora vinapita, magari meusi yanapita, mnaanza kushangilia kumbe huyo ni wa kwanza tu na nyuma yake wapo wengine. Mtu akikwambia muda huo ufikirie heshima ya nchi unamwangalia tu.

Ukaisha huo, Februari 8 wakakutana wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na zile za Kusini mwa Afrika (SADC) Ikulu kwa ajili ya vita ya Mashariki ya Kongo. Huo sina neno nao, akina mama wa Goma wana shida ambayo ukilinganisha na samaki wangu unaona aibu kulalamika, na ilikuwa Jumamosi. Ikaja tena kahawa, Februari 21 na 22, nchi za Afrika zinazolima kahawa, JNICC hapohapo. Nilitamani nisikie wamemwita ndani hata mzee mmoja wa birika na kashata awaonjeshe wageni kahawa tunayokunywa sisi vijiweni, lakini sijui kama kuna aliyewaza hilo.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, wapo waliopata. Kijana wa jirani yangu anaendesha teksi ya mtandaoni alisema wiki ya nishati amewabeba wageni mpaka akachoka, mahoteli yalijaa, na mtaro wa karibu na kibanda changu uliokuwa unanuka muda mrefu ulizibuliwa fasta kabla wageni hawajafika, kwa hiyo kumbe inawezekana. Wapo pia wanaosema mikutano ihamishiwe Dodoma au Arusha. Mimi sisemi hivyo, huko nako kuna mama lishe.

Ninachosema, ratiba ya kufunga barabara itoke mapema, angalau wiki mbili, kwa saa na kwa jina la barabara, itangazwe redioni na ibandikwe vituoni na masokoni, maana wakuu hao mara nyingi tarehe zao zinajulikana mapema, hawashuki tu kama mvua ya Aprili. Nikijua tangu mapema sinunui samaki, nachukua tenda ya msiba au kipaimara huku mtaani, na wa marejesho namuomba mapema anisogezee. Na siku ya kuwaambia watumishi wakae nyumbani akumbukwe pia yule anayewalisha, ushuru wa siku hizo usamehewe basi, siyo hela nyingi.

Lingine, pale kwenye nishati waliongelea sana nishati safi ya kupikia, na serikali yetu inataka asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunaitumia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ninao, chai na mboga napikia gesi, ila maharage ya watu wengi ukiyaweka kwenye gesi mtungi unaisha katikati ya wiki na faida yote imeenda na moto, ndo maana mkaa upo hadi leo pembeni ya kibanda. Sasa humo ukumbini angekuwepo hata mmoja wetu angewaambia hilo kwa dakika mbili, badala yake siku hiyo tuko Banana tumesimamishwa.

Mhariri na wewe nakuomba, ratiba kama hiyo ikitoka iwekeni ukurasa wa mbele kwa maandishi makubwa, msiifiche kule kati karibu na matangazo ya minada, sisi wengine gazeti tunalisomea kwa muuzaji tukiwa tumesimama na ukurasa wa mbele tu ndo wa bure.

Mama lishe wa Posta,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam