Barua kwa Rehema: Jaji, askari na kijana wa Halifax

Mpendwa Rehema,

Umeandika kwamba jaji wa haki ni yule anayeyaacha nje ya mahakama yote anayoyajua kuhusu watu na rangi zao. Nimelifikiria sana neno lako, na bado nakataa. Kinachonipa nguvu ni kesi ya R.D.S. ya Kanada, iliyopewa herufi za kwanza za jina la kijana aliyeshtakiwa.

Mwaka 1993 mjini Halifax, askari polisi mzungu alimkamata kijana mweusi wa miaka 15 aliyesimamisha baiskeli yake alipoona binamu yake katiwa pingu. Askari alidai kijana alimshambulia, kijana akakana. Mashahidi ni wao wawili tu. Jaji Corrine Sparks, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji nchini humo, aliupima ushahidi, akabaki na shaka, akamwachia huru. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshikilia kwamba hakuna sababu ya kutomwamini askari. Jaji akamjibu kwamba polisi wamewahi kuipotosha mahakama na kuwachukulia watu wasio weupe hatua kupita kiasi. Alisema hadai kwamba askari huyu aliipotosha mahakama, ingawa aliongeza kwamba yaelekea alichukua hatua kupita kiasi.

Kwa maneno hayo tu akaambiwa ana upendeleo! Mahakama mbili za Nova Scotia, jimbo lenye mji wa Halifax, zikataka kesi isikilizwe upya.

Linaloniuma ni kwamba hakuwa amezua kitu. Katika jimbo hilohilo Donald Marshall, kijana wa Mi'kmaq, jamii ya wenyeji wa asili, alifungwa miaka 11 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na tume ya uchunguzi iliyoripoti mwaka 1989 ilitamka wazi kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia. Jaji anayemwamini askari papo hapo naye kaja na mazoea yake, Rehema, ila mazoea hayo hakuna anayeyaita upendeleo.

Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimrudishia kijana uhuru wake, majaji sita kwa watatu. Wawili kati ya hao sita, Cory na Iacobucci, waliona maneno ya Sparks yalikaribia sana mstari wa upendeleo. Hofu yao naielewa: mtu asihukumiwe kwa sifa za kundi lake, na askari pia ni mtu. Lakini Sparks alikuwa ameshapima ushahidi kabla ya kusema hayo.

Soma hoja za wale watatu waliopinga, kisha uniambie: angenyamaza kuhusu jambo ambalo tume ilikwisha liandika, kijana yule angetendewa haki zaidi?

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Salma