Gari linachemsha? Tuambie kwanza linachemsha wakati gani

Gari la zamani likianza kuchemsha, mwenyewe huwa ameshashauriwa na watu watano kabla hajafika gereji. Mmoja kamwambia anunue rejeta mpya, ile inayopoza maji ya injini. Mwingine kamwambia ang'oe thamostati, vali inayoyaachia maji yaende kwenye rejeta, atupe, mambo yaishe. Wa tatu kamwambia atembee na dumu la maji kwenye buti. Akifika kwetu anataka tuchague mmojawapo wa ushauri huo, na sisi tunamrudishia swali: linachemsha wakati gani? Ukiwa kwenye foleni au ukiwa unakimbia barabara kuu? Ukipanda mlima? Dakika kumi tu baada ya kuliwasha asubuhi? Au linatulia njia nzima, kisha ukishalizima ndio unasikia maji yanatokota?

Wengi hudhani tunapiga soga. Lakini jibu la swali hilo hutupunguzia nusu ya kazi, na mteja humpunguzia spea ambazo hazikuwa na kosa.

Tuanze na foleni. Gari likiwa linakwenda, rejeta hupozwa na upepo unaoingia kwa mbele, na feni haina kazi kubwa. Likisimama, upepo umekwisha. Imebaki feni peke yake. Kwa hiyo gari linalopandisha joto kwenye foleni na kushuka likianza kutembea, kwanza tunaitazama feni. Kama ni feni ya umeme, washa AC injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu kwenye magari mengi feni hutakiwa kuanza papo hapo. Isipoanza, tunatafuta fyuzi, rilei, waya, swichi ya joto, au mota yenyewe iliyokufa. Kama ni ile feni inayozungushwa na injini, katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Ikichoka, feni inazunguka kivivu hata joto likipanda. Zima injini ya moto, uisukume feni kwa mkono: inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kama pia, imekwisha. Jaribio hili ni la feni ya mkanda tu. Ya umeme usiiguse, inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Kuna na kava la plastiki linaloizunguka feni. Ajabu ni magari mangapi tunayoyapokea hayana kava hilo. Fundi wa mwisho alilitoa apate nafasi ya kufanya kazi, halafu akaliona halina maana. Maana yake ni kwamba bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Kama gari linatulia mjini lakini linachemsha kwa mwendo mkali au mlimani, habari ni nyingine. Takriban theluthi ya nishati ya mafuta unayochoma hugeuka joto linalobebwa na maji ya injini. Ukikanyaga zaidi, joto linaongezeka, na rejeta iliyoziba nusu haitoshi tena. Huziba kwa ndani kwa kutu na chokaa, au kwa nje kwa tope na wadudu, hasa katikati ya rejeta ya maji na ile ya AC, mahali ambapo jicho halifiki bila kuitoa moja. Sisi hupitisha kipimajoto cha mwanga juu ya rejeta injini ikiwa ya moto. Joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka maji yanakoingia hadi yanakotokea. Tukikuta kiraka kimepoa ghafla katikati, pale maji hayapiti.

Mwendo mkali pia ndio unaoiumbua pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, au mpira wa chini wa rejeta uliolegea kwa uzee. Mpira huo uko upande wa kufyonzwa. Injini ikipandishwa mizunguko, unajikunja kama mrija unaonyonywa na maji yanakatika. Ukishusha mizunguko unarudi umbo lake, na ukifungua boneti unakuta mzima kabisa.

Gari linalochemsha mapema asubuhi, huku mpira wa juu wa rejeta bado ni wa baridi, mara nyingi thamostati yake imeganda ikiwa imefungwa. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hakuna kipande kinachoonewa kama hiki.

Thamostati ni vali yenye nta ndani yake. Kwenye magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Kabla ya hapo huyazungusha maji ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Kuna mteja alikuja nayo kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imeng'olewa miezi kadhaa nyuma, na gari lilikuwa bado linachemsha. Tukaiweka kwenye sufuria ya maji juu ya jiko dogo, tukatumbukiza kipimajoto, tukasimama wote wawili tukitazama. Nyuzi 70, kimya. Nyuzi 80, kimya. Kwenye 84 mdomo wake ukaanza kuachama, na kabla ya 95 ulikuwa wazi wote. Nzima kabisa. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo fundi, nilimfukuza asiye na kosa?"

Na kumfukuza kuna gharama. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na husagika haraka, kwa sababu kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta. Baya zaidi, kuna injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili injini ipoe, nayo inazidi kuchemka.

Sasa mfuniko wa rejeta, na hapa najisema mwenyewe. Zamani nilimbadilishia mteja rejeta nzima kwa gari lililokuwa likitokota kila likizimwa. Baada ya wiki mbili akarudi na ugonjwa uleule. Tatizo lilikuwa mfuniko. Rejeta ya zamani haikuwa mbovu kiasi cha kutupwa. Ilibidi nimrudishie fedha yake.

Mfuniko si kizibo tu. Una springi inayoshikilia mgandamizo, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, na namba hiyo imeandikwa juu yake. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa bar 1 hufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na yakiwa nusu maji nusu kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta) huvuka nyuzi 125. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, unapoteza akiba yote hiyo. Ukizima injini, pampu inasimama huku chuma bado kina moto mkali, na maji yanatokota na kukimbilia kwenye chupa ya akiba. Mfuniko ni miongoni mwa spea rahisi kuliko zote kwenye mfumo huu, na siku hizi ndio tunaoupima kwanza.

Hiyohiyo ndiyo sababu ya kutofungua mfuniko injini ikiwa ya moto. Ndani kuna maji ya nyuzi 110 yaliyozuiwa kuchemka na mgandamizo peke yake. Ukiulegeza, yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na uso wako ndio uliokaribu. Subiri angalau nusu saa. Minya mpira wa juu: ukiwa bado mgumu, bado. Ukishalainika, weka kitambaa kinene, zungusha robo, acha upumue, ndipo umalizie.

Ukiwa barabarani na mshale ndio kwanza unaanza kupanda, zima AC, fungua hita hadi mwisho na feni yake kasi yote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini. Kama hita inapuliza baridi huku mshale uko juu, maji yameisha au kuna hewa imekwama, hapo simama. Mshale ukigusa nyekundu au ukiona mvuke, egesha na uzime. Usisogee hata kidogo eti gereji iko karibu. Na usiimwagie maji ya baridi injini iliyochemka, hedi (sehemu ya juu ya injini) au bloku (mwili wake wa chini) inaweza kupasuka.

Usiuamini sana mshale. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike, kwa hiyo ukianza kusogea ujue mambo yameshakuwa mabaya. Tena sensa yake hupima vizuri ikiwa imezama majini. Maji yakikauka kabisa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka. Tumepokea zaidi ya injini moja iliyokufa hivyo, mwenyewe akituapia kuwa mshale ulirudi chini, akajua imepoa, akaendelea.

Kuhusu dumu la maji kwenye buti: mfumo wa maji umefungwa. Haunywi. Ukiongeza lita moja kila siku, ile ya jana imeenda mahali. Kuna mama mmoja alikuwa akiongeza kila asubuhi kwa karibu miezi mitatu, na chini ya gari hapakuwa na tone. "Labda linakausha kwa joto," alisema. Tukawasha injini ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, tukamwita aangalie. Vipovu vilianza kupanda mdomoni mwa rejeta, kimoja kimoja, halafu mfululizo, hata kabla maji hayajawa vuguvugu. Tukaweka kipimo chenye dawa ya bluu juu ya mdomo ule. Ndani ya dakika chache ikawa njano. Moshi wa mafuta yanayoungua ndani ya injini ulikuwa unaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi, kizibo kinacholala kati ya hedi na bloku, ilikuwa imekufa.

Dalili nyingine za gasketi ni moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto, mafuta ya injini yaliyopauka kama yamechanganywa na maziwa, na mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi. Injini nyingi za zamani zina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikichemka kupita kiasi, hedi inavutana na bloku, inapinda. Tunaipima kwa rula iliyonyooka na geji ya mabati. Kwa injini nyingi ndogo, mpindo wa milimita 0.1, unene wa karatasi, unatosha tuipeleke ikachongwe. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kazi ya kurudiwa, kwa hiyo ukija na gasketi mkononi ukituomba tuibandike tu, tutakukatalia. Wengine wametununia.

Tunakataa pia dawa za kuziba mivujo, zile za kumimina kwenye rejeta. Zinaweza kukufikisha nyumbani. Lakini hazijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni la kupitisha maji, na hita ndiyo huwa ya kwanza kuziba.

Kulanti yenyewe ina kazi mbili ambazo maji ya bomba hayazifanyi: hupandisha nyuzi za kuchemka, na huzuia kutu. Dawa ya kutu ndani yake huisha hata kama rangi bado inapendeza. Zile za aina ya zamani hubadilishwa takriban kila miaka 2. Za kudumu hufika miaka 5. Rangi si kipimo cha aina, kwa kuwa kila kiwanda kina yake, kwa hiyo soma kitabu cha gari na lebo ya dumu, usichanganye kwa kufananisha kijani na kijani. Changanya na maji ya betri, maana ya bomba huleta chokaa. Na usiimwage ardhini. Ni sumu, na ina utamu unaowavuta mbwa na paka, hata watoto. Mfumo ukishajazwa lazima utolewe hewa, hita ikiwa wazi na pua ya gari ikiwa juu kidogo. Hewa ikibaki, gari litachemsha likiwa na kila kitu kipya.

Ukipanga kutuletea gari, lilete likiwa limelala usiku mzima, au tuachie jioni tulifungue asubuhi. Tunataka kuliona baridi kwanza. Siku hiyo usiongeze maji ikiwa chupa bado ina kiasi. Tunataka kuona yameshuka hadi wapi. Ikiwa yameisha kabisa, usiliwashe, tupigie tuje kulivuta. Usioshe injini pia, kwa sababu alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye viungo ndizo zinazotuonyesha panapovuja. Na kama kuna fundi aliyekutolea thamostati ukaihifadhi kwenye dashibodi, njoo nayo. Sufuria yetu bado ipo.