Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Kanga

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu: chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku na ndege wengine wa kufugwa, ilitolewa kwa ratiba yetu ile ile, mabanda ya wanachama wapya yalikaguliwa, na mafunzo ya kukata manyoya ya bawa yalifanyika. Mashine ya kutotolesha ilipokea mayai 480. Yaliyokuwa na mbegu ni 391, vifaranga waliototolewa ni 302, na waliofikisha wiki 6 ni 268. Wanachama ni 43, waliolipa ada kamili ni 19, na mikutano ilikuwa 4, ambayo 2 kati yake haikutimiza akidi.

Naomba nitumie nafasi kubwa zaidi kwa jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kamati kwamba kifaranga yeyote asitoke katika bruda ya chama, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, kabla ya kutimiza wiki 6. Uamuzi huu niliupendekeza mimi, na bado nausimamia. Mwaka uliotangulia tuligawa vifaranga 210 wa siku moja, na kwa hesabu mlizompa katibu ninyi wenyewe, waliobaki hai baada ya wiki 2 hawakufika nusu. Nilimtembelea mwanachama mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa hakuwa peke yake, nikakuta beseni la maji lisilo na kokoto hata moja ndani yake ya kuzuia vifaranga wasizame, na vifaranga watatu wakielea. Wenzao walikuwa wamesongamana pembeni juu ya maranda yaliyolowa, mabawa yameshuka, wakilia kwa ile sauti nyembamba ya kifaranga aliyeshikwa na baridi. Sikuweza kuisahau picha hiyo, na ndiyo iliyonifanya niitishe kikao cha dharura.

Kanga mkubwa ni ndege mgumu asiyeugua ovyo, na hilo ndilo linalotudanganya. Kifaranga wake katika wiki ya kwanza anahitaji joto la takriban nyuzi 35, linalopunguzwa kidogo kidogo kila wiki, na chakula chenye protini ya asilimia 24 au zaidi, ambayo chakula cha vifaranga wa kuku kwa kawaida hakifikishi. Akilazwa juu ya karatasi nyororo miguu yake hupanuka asiweze kusimama tena. Wapo waliosema katika mkutano kwamba kuku hufanya kazi hiyo bure. Ni kweli kwamba kuku huatamia mayai ya kanga kwa uaminifu hadi siku ya 28, lakini akishatotoa huwatoa vifaranga nje alfajiri umande ukiwa bado majanini, na kifaranga wa kanga akilowa hana muda mrefu wa kuishi.

Imesemwa pia kwamba bruda imewekwa nyumbani kwangu kwa manufaa yangu. Neno hilo limeniumiza. Umeme ulipokatika usiku mbili mfululizo, mimi na familia yangu ndio tuliokesha tukijaza chupa maji ya moto, tukizifunga vitambaa na kuzipanga kati ya vifaranga, na asubuhi hatukuwa tumepoteza hata mmoja. Daftari la chakula liko wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kulikagua. Hadi leo hakuna aliyekuja kulitazama.

Kuhusu malalamiko ya waliopata madume matupu, nasema kwamba katika wiki ya 6 jinsia haitambuliki kwa macho. Jike hujulikana baadaye kwa mlio wake wa vipande viwili, ambao dume hautoi. Kamati haikumpendelea mtu yeyote.

Sasa nizungumzie ada. Chakula cha wiki 6 kinalipiwa na ada hizo hizo, kwa hiyo wanachama 19 wamewalisha vifaranga waliochukuliwa na watu 31. Inasikitisha zaidi kwamba sauti kali dhidi ya uamuzi wa kamati zimetoka kwa wasiolipa na wasiohudhuria. Katika mkutano ambao suala hili lilikuwa ajenda ya kwanza tulikuwa watu 11, nasi tukasubiri saa nzima kabla ya kutawanyika. Kamati ilikuwa na wajibu wa kuamua, kwa kuwa mayai yalikuwa tayari katika mashine na hayakuweza kusubiri akidi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata bruda ya pili itakayowekwa kwa mwanachama mwingine atakayejitolea, pamoja na chanzo cha akiba cha umeme. Tunatumaini pia kuwa na madume wasio na undugu na majike wetu. Wadaiwa wote wanaombwa kumwona mweka hazina kabla ya msimu wa kutaga kuanza, kwa kuwa mgao ujao utaanza na waliolipa.

Naomba taarifa hii ipokelewe na ijadiliwe.

Mwenyekiti