Barua ya kuomba udereva isiandikwe bila tangazo mezani

Ndugu Mhariri,

Tangazo la nafasi za Dereva Daraja la II likitoka, steshenari hujaa. Kijana wa kompyuta anafungua faili la zamani, anabadili jina na tarehe, anaprinti. Barua za mtaa mzima zinafanana hadi koma, na nyingine hubaki na jina la halmashauri aliyoiomba mteja aliyetangulia.

Naomba nafasi niwaambie waombaji, na wenye steshenari pia, kwamba barua hii haihitaji maneno mazito. Inahitaji tangazo lenyewe liwe mezani.

Tangazo la kada hii hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C iliyofanyiwa kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Hayo yamalizwe katika aya moja fupi. “Nina leseni hai” haitoshi, kwa sababu haisemi ni daraja gani wala tangu lini. Taja daraja, mwaka ulioipata, chuo na mwaka uliomaliza mafunzo, na useme wazi kwamba hujasababisha ajali, ikiwa ni kweli.

Aya inayofuata ndiyo wengi wanaiharibu. Tangazo huorodhesha majukumu: kukagua gari kabla na baada ya safari, kupeleka watumishi na nyaraka, matengenezo madogo madogo, kujaza daftari la safari, usafi wa gari. Chukua mawili au matatu uliyoyafanya kweli, uyaandike kwa gari, njia na muda. Kwa mfano: “Tangu 2021 naendesha Hiace ya shule kati ya Kibaha na Mlandizi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha napima oili, maji na upepo wa matairi, na kila safari naandika kilomita za kuondoka na za kurudi.” Linganisha na “mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu”, sentensi ambayo hata asiyewahi kushika usukani anaweza kuiandika. Ila usijipe gari usilolijua: madereva hufanyiwa usaili wa vitendo, na hapo barua haikusaidii kuingiza gia.

“Husika na kichwa cha habari hapo juu” iondolewe. Msomaji ameshakiona. Anza na kazi unayoiomba na tarehe ya tangazo. Shida za nyumbani na wadogo wanaosoma zinahuzunisha kweli, lakini si sifa ya kazi. Mshahara nao usiutaje, kwani ngazi yake imeshaandikwa kwenye tangazo. Ukurasa mmoja unatosha, na kwa dereva aya tatu au nne ni nyingi tayari.

Anwani inakiliwe kama tangazo linavyosema. Maombi mengi huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma, hata kama kituo cha kazi kiko mkoa mwingine. Mengine huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Jina lako liwe lilelile la kwenye cheti na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.

Kisha sahihi. Tangazo husema barua iwe imesainiwa, na jina lililochapwa kwa herufi za mlalo si sahihi. Printi, saini kwa kalamu, ndipo uiskani. Ukitumia simu, laza karatasi mezani karibu na dirisha, uipige picha kutoka juu, uhakikishe kivuli cha mkono hakijafunika tarehe. Aliye tayari mtumishi wa umma na anataka kuhamia kada hii apitishe barua kwa mwajiri wake, tena mapema, maana muhuri wa ofisi hausubiri siku ya mwisho ya maombi.

Kwa wenye steshenari ombi langu ni dogo: kabla ya kufungua lile faili la zamani, mwombeni mteja awaoneshe tangazo, kisha mumuulize ameendesha gari gani, wapi, na kwa muda gani. Majibu yake yaandikwe kama alivyoyasema.

Msomaji wako,
Kibaha, Pwani